Risasi za Shemeji Leland

Lavonne Tietjen alipofyatua, bastola haikulia kama ilivyozoea. Ilitoa mlio mdogo mkavu, kama mtu kagonga kopo tupu kwa ukucha, na mkono wake haukurushwa juu hata kidogo. Kule mwisho wa uwanja, kwenye karatasi ya shabaha, halikuongezeka tundu.

Mtu mwingine angevuta tena. Ndivyo kidole kinavyotaka. Kikishashika mwendo hakipendi kukatizwa. Lavonne alikitoa kidole chake, akaielekeza bastola chini mbele yake, akasimama hivyo hivyo huku upepo wa Nebraska ukimpepea ukosi wa koti. Kisha akafungua silinda, akazimwagia kiganjani risasi zilizobaki, akachukua ufito wa mbao na kuupitisha kwenye mdomo wa mtutu. Ufito uliingia nusu, ukagota.

Kichwa cha risasi kilikuwa kimekwama humo ndani. Angefyatua tena, risasi ya pili ingeikuta njia imezibwa, na moto wote ungetafuta mahali pengine pa kutokea. Mahali pa karibu palikuwa mikono yake na uso wake.

Duane Pfeifer, msimamizi wa uwanja, alikuja akichechemea kwa magoti yake mabovu. Aliutazama ufito, akakitazama kisanduku cha plastiki cha buluu kilichokuwa mezani. Hapakuwa na haja ya kuuliza risasi zimetoka wapi. Katika wilaya ile visanduku vya buluu vilikuwa vya mtu mmoja tu.

"Basi hata Leland ni binadamu," alisema. Alielekea kutaka kucheka, lakini hakucheka.

Leland Kosmicki alikuwa shemeji yake Lavonne, mume wa dada yake Marcella, ambaye walikuwa wamemzika miaka michache nyuma. Maisha yake ya kazi aliyamaliza juu ya nguzo za umeme, akiwarudishia watu taa baada ya dhoruba za theluji. Alipostaafu aliteremka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake akawa fundi wa risasi. Hakuuza hata moja. Yeye na wenzake walikuwa watu wa kulenga karatasi mwisho wa juma, kubishana, kula na kurudi nyumbani. Risasi ya dukani, alikuwa akisema, ni kama suruali ya dukani: imeshonewa kila mtu, kwa hiyo haimkai mtu. Yeye aliokota maganda matupu, akayasafisha, akayarudisha umbo lake kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani, akatia kitakoni fataki mpya, kile kidude cha kutoa cheche, akapima baruti kidogo, akakaza kichwa cha risasi juu yake. Zikatoka risasi tulivu, zisizopiga teke, zinazotua pale zinapoelekezwa. Waliozoea risasi za Leland wakilazimika kununua za dukani walinuna kama mtu aliyeandaliwa chai bila sukari.

Na yeyote aliyetaka bastola yake ya kwanza alipelekwa kwa Leland kabla hajapelekwa dukani. Mzee alimshika mgeni mkono akaugeuzageuza, kama fundi viatu apimavyo mguu. Vidole vifupi, ile hapana. Kiganja chembamba, hii itakuzungukia mkononi. Watu hupenda kadogo kepesi, alikuwa akisema, kwa sababu kanapendeza mfukoni. Wakishapigwa nako teke mara moja wanakafungia kabatini. Chukua nzito, itakubebea nusu ya maumivu. Alimwuliza kila mmoja anaitakia nini. Jibu likiwa la mtu anayetaka kuogopwa, Leland alimpa kahawa, akamsindikiza hadi mlangoni, na hakumwita tena.

Ndiye aliyemchagulia Lavonne bastola yake ya silinda, ya chuma, yenye mtutu mrefu. Ndiye pia aliyemfundisha kwamba katika mchezo huu mlio mdogo unatisha kuliko mlio mkubwa.

Alasiri ile Lavonne alikwenda kwa shemeji yake, akamkuta jikoni akipasha moto mikate ya nyama na kabeji. Akakiweka mezani kile kichwa cha risasi ambacho yeye na Duane walikigonga mpaka kikatoka.

"Shemeji, siku hizi baruti imekuwa adimu kwako, au ni mimi tu unayenibania?"

"Si ulilalamika mkono unakuuma?" Leland alijibu bila kugeuka. "Nikasema nikupunguzie."

Wakacheka. Ulikuwa utani wao wa siku zote, wa kumwambia mtu neno kali ili asijue unampenda. Baadaye, wakati wa kula, Leland alikiokota kile kichwa, akakizungusha kati ya vidole, akasema ni fataki mbovu tu, viwandani wamekuwa wazembe. Lavonne akaitikia. Lakini alijua kuwa fataki ingekuwa mbovu kisingesogea kitu. Fataki iliwaka vizuri sana. Ilichokosa ni baruti ya kuwasha. Alijua hilo kwa kuwa Leland mwenyewe ndiye aliyemfundisha, na alipomtazama usoni aliona kwamba Leland naye anajua.

 Lavonne alikula mkate wake, akaaga.

Njiani, akiendesha kati ya vilima vya mchanga na majani makavu, alianza kukumbuka mengine. Katika kulenga Leland alikuwa mtu wa chuma kwa chuma: mwiba wa mbele, mfuo wa nyuma, panga vitu hivyo viwili chini ya shabaha na ushikilie pumzi. Waliofunga vile vioo vya kisasa vyenye nukta nyekundu juu ya bastola zao aliwaita watazamaji wa televisheni. Vuli iliyopita alikuja uwanjani akiwa na nukta nyekundu juu ya bastola yake mwenyewe. Alisema mwiba wa mbele umeota manyoya. Watu walimcheka mpaka wakapangusa machozi. Macho ya uzee hayo, karibu chamani. Lavonne alicheka kuliko wote. Sasa alijiuliza kama yalikuwa macho tu.

Juma lililofuata alipita tena, safari hii bila kupiga simu. Mlango haukuwa umefungwa. Alimsikia Leland chini, akashuka ngazi taratibu, akasimama kwenye ngazi ya mwisho kwa sababu shemeji yake alikuwa kazini, na mtu aliye mbele ya baruti hasemeshwi.

Mezani palikuwa na kibao cha matundu, kila tundu limesimamisha ganda, mdomo juu. Leland alikuwa akiyapitia moja baada ya jingine chini ya kipimio cha baruti, akivuta mkono wa chuma, baruti ikishuka kila mara kwa sauti kama ya mchele mchache ukimwagwa kwenye sahani. Alikuwa na mikono mizuri bado. Haikutetemeka. Alimaliza safu ya kwanza, akamaliza ya pili, akafika katikati ya kibao, simu ikalia.

Alikuwa binti yake, Corinne. Leland alizungumza naye akiwa ameegemea ukuta, juu ya mvua, juu ya basi la shule analoendesha, juu ya ng'ombe wa jirani waliovunja uzio. Akaiweka simu. Akarudi mezani, akakitazama kibao kwa muda, kama mtu anayeingia chumbani akasahau alichofuata. Kisha akavuta ganda la kwanza la safu ya kwanza, akaliweka chini ya kipimio, akavuta mkono.

Baruti ikashuka juu ya baruti.

Lavonne alingoja. Alijiambia ataona sasa hivi. Atachukua kurunzi, atamulika ndani ya maganda kama alivyofanya siku zote, ataona haya yamejaa kuliko yale. Baruti ya risasi tulivu ni kidogo, hukaa chini kabisa ya ganda, na ganda lina nafasi ya kumeza mara mbili yake bila kujaa hadi mdomoni. Ndiyo maana humulikwa. Leland alikwenda na la pili, la tatu, la nne, akipiga mluzi mdogo. Kisha akachukua kichwa cha risasi akakiweka juu ya ganda la kwanza, akashika mpini wa mashine.

"Shemeji," Lavonne alisema, "hizo ulikwisha kuzitia."

Leland aligeuka. Alimtazama kwa uso ambao Lavonne hakuwahi kuuona kwake, uso wa mtu aliyefumaniwa ndani ya nyumba isiyo yake. Ulipita upesi. Akainama, akatazama, akamimina yote kwenye chupa, kila ganda, akasema simu ni adui wa kazi. Akamwuliza kama atakunywa kahawa.

Walipokuwa wakinywa, Lavonne alimwuliza kwa upole amegawa visanduku vingapi tangu theluji, na kwa nani. Hapo Leland alibadilika. Alisema ametengeneza risasi tangu Lavonne akiwa bado anaiogopa bastola kama nyoka, na kwamba hahitaji kulindwa ndani ya nyumba yake. Hakupaza sauti. Aliinuka, akavisuuza vikombe viwili ambavyo havijaisha kahawa, akavipanga.

Lavonne alikwenda moja kwa moja kwa Duane. Walikaa ndani ya pikapu yake na vioo vimepandishwa kama wezi. Kuutangaza ukweli kulikuwa kumvunjia mzee heshima mbele ya watu aliowafundisha wote. Kunyamaza kulikuwa kungojea siku. Wakachagua njia ya kati, na njia ya kati ndiyo iliyowaponza. Duane aliwapigia simu wanachama akasema kopo moja la fataki limegundulika kuwa bovu, kila mwenye kisanduku cha buluu akirudishe, hata kama amekwisha kutumia nusu.

Vilirudi vingi. Lavonne alivipeleka kwenye banda la gari nyumbani kwake, akavaa miwani ya kinga, akaanza kuzifungua risasi moja moja kwa nyundo maalumu inayong'oa kichwa bila kuwasha fataki. Kila baruti aliyoimwaga aliipima. Kisanduku cha kwanza kilikuwa safi, punje kwa punje. Cha pili hivyo hivyo. Alianza kuona haya. Alijiona mwanamke mwenye kisirani anayempekua mume wa marehemu dada yake. Katika kisanduku cha tatu akafungua risasi, akaimimina kwenye karatasi nyeupe, na ile chungu ya baruti ikaendelea kukua baada ya pale ilipopaswa kukoma.

Hakuipima. Aliketi akiitazama tu. Kisanduku hicho kilikuwa cha mama mmoja aliyekuwa akiwafundisha wajukuu zake kulenga makopo.

Kabla hajamaliza alikuwa amepata nyingine kama hiyo, na mbili tupu kabisa.

Alimwendea Leland na ile karatasi ameikunja kama dawa. Safari hii mzee hakukasirika. Waliketi barazani, jua likiwa bado juu, na Leland akaigusa ile chungu kwa ncha ya kidole. Akasema alianza kupotea tangu majira ya theluji. Si kusahau majina, hayo kila mtu husahau. Alisema ni kama taa ya nyumba nzima kukatika na kurudi, na ikirudi hujui ulikuwa umekaa gizani kwa muda gani. Alimwomba Lavonne asimwambie Corinne. Akakubali kuifunga meza. Wakapeana mikono, jambo ambalo shemeji hawa hawakuwa na desturi nalo, na Lavonne akaenda zake akidhani yamekwisha.

Kulipokucha Leland alimpigia simu binti yake akamwambia kuwa Lavonne anazunguka wilaya nzima akimchukulia risasi zake, na hajui amemkosea nini.

Corinne alikuja juu. Alikuwa mwanamke wa kuendesha basi la shule kwenye barabara za barafu, hakuwa na muda wa maneno mengi. Alisimama mlangoni kwa Lavonne hakutaka kuingia. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya fataki mbovu kutoka kwa Duane, na sasa anasikia nyingine kutoka kwa baba yake, na zote mbili haziwezi kuwa kweli.

"Mama mdogo, niambie moja tu. Ni fataki au si fataki?"

Lavonne alimwambia. Alimwambia yote, simu, kibao cha matundu, karatasi. Corinne alisikiliza huku taya limekaza. Lavonne alipomaliza, Corinne alisema mtu akikaa peke yake lazima achanganyikiwe kidogo, na badala ya kumsaidia wamemfanyia kikao mgongoni mwake, wakadanganya watu, halafu wanataka aamini kuwa mwongo ni baba yake.

 Lavonne aliuliza tu lile lililokuwa likimnyima usingizi: "Wewe unazo risasi zake?"

Miaka michache nyuma, Corinne alipoachana na mumewe na kuhamia kwenye nyumba yake ya peke yake ng'ambo ya mto, Leland ndiye aliyemchagulia bastola. Alimjaribishia nyingi. Mwishowe akampa fupi ya chuma, ya silinda, isiyo na swichi wala mbwembwe, ambayo mtu anaweza kuitumia hata akiwa na hofu. Haikuingia akilini kwamba amnunulie bastola asimpe risasi.

"Sina," Corinne alisema, na akamtazama usoni alipokuwa akisema hivyo.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Lakini aliyeficha hapa hakuwa mgonjwa, alikuwa mwanawe. Kisanduku kilikuwa kwenye droo ya jikoni kwake. Kukitoa kulikuwa kukiri, na yeye hakuwa tayari kukiri.

Jumapili, baada ya ibada, simu ya Lavonne ililia. Ilikuwa sauti ya Corinne, tulivu mno. Alisema baba yuko kwake, wamekula, na sasa wanatoka nyuma ya nyumba kulenga shabaha kama zamani. Alisema anazo, kisanduku kizima, alikuwa nazo siku zote. Kama mama mdogo anataka kuona risasi za baba yake zinavyofanya kazi, milango iko wazi.

Lavonne alimwambia asifyatue. Corinne alikuwa amekwisha kukata.

Kutoka kwa Lavonne hadi ng'ambo ya mto ni mwendo wa barabara ya changarawe na daraja moja jembamba, na alasiri ile ulikuwa mrefu. Alimpigia Duane, akamwambia aite gari la wagonjwa na alete lake. Duane aliuliza nani ameumia. Lavonne alisema bado. Alipofungua kioo ili asikilize milio hakusikia ila upepo, na ndege wa majani wakiimba juu ya nguzo za uzio kana kwamba hakuna kitu.

Aliwakuta wamesimama nyuma ya nyumba mbele ya kilima cha mchanga, pale Corinne alipokuwa amesimamisha ubao na karatasi. Kisanduku cha buluu kilikuwa juu ya bodi la pikapu, kimefunguliwa. Corinne alikuwa na bastola mkononi, silinda imejaa, vikinga masikio vimening'inia shingoni. Leland alikuwa amevaa koti lake la kanisani na miwani yake ya kulengea. Alimsalimu Lavonne kwa furaha, akasema afadhali umekuja, huyu mtoto mkono wake umeshika kutu.

Lavonne hakupiga kelele. Alisimama kati ya Corinne na ubao, mahali ambapo mtu yeyote aliyefundishwa na Leland hangeinua bastola, akamwomba. Alisema wazifungue hapo hapo, kwa nyundo, mbele ya baba; zikiwa safi zote, yeye atamwomba radhi shemeji yake mbele ya kanisa zima.

"Toka hapo, mama mdogo."

"Sitoki."

"Baba, mwambie. Zina kosa?"

Leland alimtazama binti yake. Akamtazama Lavonne. Kisha akakitazama kisanduku, na Lavonne aliona uso ule wa siku ya kibao ukija na kupita, polepole zaidi safari hii. Upepo ulimpeperusha tai. Alikwenda kwa Corinne akanyoosha kiganja.

"Nipe nianze mimi," alisema. "Nyinyi nendeni nyuma ya gari."

Corinne alimpa, kwa sababu tangu utotoni hakuwahi kumnyima baba yake bastola aliyoiomba. Lavonne alimshika mkono akamvuta. Walikuwa wamekwisha kufika nyuma ya pikapu, wameziba masikio, ndipo Corinne alipogeuka na kumwuliza Lavonne kwa midomo tu, bila sauti, kwa nini nyuma ya gari.

Leland alivaa vikinga vyake vya masikio, akainua mikono yote miwili. Alisimama vizuri, miguu imetengana, mabega yamelegea, kama alivyowafundisha wote. Akafyatua. Mlio ulikuwa sawasawa. Akafyatua tena, na tena, mpaka silinda ikaisha. Katikati ya karatasi palikuwa na tundu moja lenye kingo za kuchanika, mahali risasi zote zilipopitia.

Corinne alivuta pumzi. Machoni alikuwa na machozi na ushindi kwa pamoja. Leland hakugeuka kuwatazama. Alimwaga maganda, akapakia tena kutoka kisandukuni, polepole, akiitazama kila risasi kabla ya kuiingiza, kama anayetafuta alama juu yake. Kwa nje risasi hazina alama. Alifunga silinda.

Hapo Corinne akaelewa kwa nini nyuma ya gari. Lavonne aliona ikimwingia. Binti alianza kupiga kelele, baba basi, baba inatosha, akatoka mbio kuzunguka gari, lakini mzee alikuwa ameziba masikio na ameelekea kilimani.

Mlio wa mwisho haukufanana na mingine. Ulikuwa mpana. Kipande cha silinda kilikwenda juu kikapiga paa la banda la kuku, na Leland akabaki amesimama, mikono bado mbele yake, akiangalia kitu kilichokuwa mkononi ambacho hakikuwa tena bastola. Kisha akaketi chini, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

Walimfunga mkono kwa tai yake na kwa shali ya Lavonne. Gari la wagonjwa, ambalo Duane alikuwa ameliita kwa jambo lililokuwa bado halijatokea, lilikuwa limekwisha kuvuka daraja. Miwani ilikuwa imemwokoa macho. Kioo kimoja kilikuwa kimechimbika mahali pa mboni. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikuokolewa, wala usikivu wa sikio moja.

Leland alipokuwa hospitalini, Duane na Lavonne walishuka kwenye kile chumba cha chini. Walifungua mashine mezani, wakabeba makopo ya baruti hadi uani, wakaimwaga na kuitandaza juu ya majani, ambako haina ubaya, huoza ikawa mbolea. Corinne alikuja akawasaidia.  Alipofika kwenye maganda yaliyosafishwa, yaliyopangwa kwenye mitungi yaking'aa, alikaa kwenye ngazi ya chini akayashikilia, na Lavonne akakaa pembeni yake. Lavonne alitaka kumwuliza kama anadhani baba yake alikumbuka, pale alipowaambia waende nyuma ya gari. Kama alikuwa anaweka mkono wake mahali pa mkono wa binti yake, au kama alikuwa tu mwalimu anayefuata kanuni ya kuwaondoa watu karibu. Aliona kuwa Corinne anajiuliza hilo hilo, akaacha.

Walimwendea Leland pamoja. Alikuwa amekaa kitandani karibu na dirisha, mkono umefungwa mkubwa kama mzinga wa nyuki. Aliwatambua wote wawili. Alimtania Lavonne kuhusu kofia yake. Kisha akautazama ule mkono, na uso wake ukawa mkali, uso wa fundi.

"Ile risasi ilitiwa baruti mara mbili," alisema. "Hakuna kingine kinachopasua silinda namna ile. Nani aliitengeneza?"

Lavonne alifungua mdomo. 

"Mimi, baba," Corinne alisema.

Leland alimgeukia binti yake. Hakukuwa na hasira machoni mwake, kulikuwa na huzuni, na woga mkubwa kwa ajili yake.

"Wewe?"

"Mimi. Simu ililia, nikapoteza mahali nilipofika."

"Basi usikae tena kwenye ile meza, mwanangu. Hii kazi si yako. Utakuja kuua mtu."

"Sitakaa, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Muuguzi aliingia na sinia la chakula cha mchana, na Leland, kwa mkono wa kushoto ambao haukuwa umezoea, akachukua uma akaanza kuvifukuza viazi kwenye sahani. Corinne alivuta kiti akakaa karibu, akamshikia sahani isitembee. Lavonne alibaki amesimama dirishani na mgongo wake umewaelekea, hakugeuka mpaka alipokuwa na hakika na uso wake.